Simu ya Geti Namba Kumi na Nne

Katika kituo kile cha mabasi ya mwendokasi, abiria wote wanamjua mwanamke mnene kiasi, mwenye koti la kijani linalong'aa, anayesimama kando ya mageti ya kadi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kadi ikikataa, yeye ndiye anayekuja. Huifuta kwa upindo wa koti, huigeuza, huigonga mara moja kwenye mashine, na geti hufunguka kana kwamba lilikuwa linamdekea. Wenzake humwita Mama Geti. Abiria hudhani jina hilo limetokana na mageti haya ya vioo. Sivyo. Jina ni la zamani kuliko kituo na la zamani kuliko lami inayopitwa na mabasi. Alipewa wakati hapa palipokuwa na reli, mataruma na kokoto zilizoiva kwa mafuta, na geti lenyewe lilikuwa la chuma, likisukumwa kwa kifua.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za safu moja, ambako ukipiga chafya chumbani kwako jirani anakuombea afya kutoka kwake. Baba yake alikuwa fundi wa njia. Kazi yake kukaza misumari na kubadilisha mataruma yaliyooza. Alipofikisha miaka ishirini na mbili akaolewa na fundi wa njia mwingine, kijana wa genge lilelile la baba yake, watu wakacheka kwamba mtoto wa reli haolewi mbali na reli. Miaka mitatu baadaye mlinzi wa geti namba kumi na nne akastaafu, naye akaenda kuomba kazi ile. Stesheni masta akamtazama juu mpaka chini.

"Mwanamke alinde geti? Haya, sukuma nikuone."

Akasukuma. Geti lilikuwa zito kama ng'ombe aliyegoma, lakini likaenda, tena likagonga nguzo kwa kishindo hata stesheni masta akaruka nyuma na kofia yake ikaanguka. Akapewa kazi siku hiyohiyo.

Mahali penyewe palikuwa barabara ya udongo inayokatiza reli, na kando yake kibanda cha bati kilichozidi kabati kwa kidogo tu. Ndani mlikuwa na stuli, bendera mbili, na simu ya ukutani. Treni za abiria zilikuwa na saa zake, lakini za mizigo zilipita zilivyotaka. Kwa hiyo kila treni ilipoondoka stesheni kubwa, karani wa simu wa kule alimpigia.

"Geti kumi na nne?"

"Kumi na nne, nakusikia."

"Inatoka."

"Nafunga."

Maneno yalikuwa hayo tu, mara nane au tisa kwa siku, miaka mitatu. Hawakuwahi kuonana. Alimjua karani kwa sauti, sauti nzito yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyemeza mchanga asiutoe. Karani akiwa na mafua alimpa pole. Yeye aliporudi kazini baada ya kujifungua binti yake, karani alimwambia, "Hongera sana mama, Mungu amkuze. Inatoka." Akacheka peke yake kibandani, akaenda kufunga.

Binti alikuwa na miezi mitano siku ya ajali. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua inapiga bati mpaka husikii unachowaza. Mtoto aliamka na homa, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia, alikuja naye kazini. Alikuwa amempakata kwenye stuli akimnyonyesha, mtoto analia, ananyonya, analia tena. Geti lilikuwa wazi. Barabarani akapita seremala mmoja akisukuma mkokoteni wenye milango miwili ya kabati, gunia kichwani kwa ajili ya mvua.

Alichosikia kwanza ni honi, na honi ilikuwa karibu mno. Akatoka mbio, mtoto kifuani, bendera nyekundu mkononi, akapiga ukelele. Treni ya mizigo ilikuwa imeshatokeza kwenye kona. Seremala akageuka. Gunia lile lilimfunika masikio, hakutazama treni, alimtazama yeye, kama mtu anayeuliza, "Unaniita mimi?" Basi ikawa hivyo, treni ikampitia.

Wakaja wanaume watatu kutoka makao makuu, wakawekewa meza katika chumba cha kusubiria abiria. Juu ya meza lilikuwa daftari la simu la stesheni kubwa. Mmoja akasoma kwa kidole: saa tatu na dakika kumi na mbili, geti namba kumi na nne limejulishwa, limejibu.

"Simu haikulia," akasema yeye.

"Mtoto alikuwa analia?"

"Alikuwa analia."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Ndiyo."

"Basi ulijibu kwa mazoea, ukarudi kwa mtoto, ukasahau. Binadamu tunasahau, mama."

Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu, akiwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa, akaisikia. Aliisikia kabisa, krrring, krrring, katikati ya mvua na kilio cha mtoto, akajiona akinyoosha mkono na kusema "nafunga." Akaingia ndani akawaambia, "Ililia. Nakumbuka sasa." Akatia sahihi. Wakamwondoa getini, wakampa ufagio wa kufagia stesheni ndogo ya jirani.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa na mzigo mmoja mkubwa, na mengine yote yalipangwa kuuzunguka. Mumewe alivumilia mwaka mmoja wa mke anayeshtuka kila kitu kikilia, hata kengele ya baiskeli, halafu akaomba uhamisho kwenye njia ya mbali na huko akapata mke mwingine. Alipoletewa habari hizo alisema tu, "Ana haki," akaendelea kuanua nguo.

Mjane wa seremala alikuwa mshonaji, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na watoto watatu. Mama Geti alikwenda kwake mara ya kwanza na ndoo ya maji kichwani. Mshonaji akaimwaga mlangoni. Akaenda tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Siku moja mshonaji alikuwa kitandani na homa, watoto hawajala. Mama Geti akaingia bila kukaribishwa, akapika, akafua, akaondoka. Kuanzia hapo kila Alhamisi, siku yake ya mapumziko, ilikuwa ya nyumba ile. Alifua, alisuka nywele za wasichana, alimshika mshonaji mkono alipopasuliwa goti. Mwaka ukazaa mwaka. Watoto wakamwita mama mdogo. Mshonaji akamwita mdogo wangu, naye akamwita dada. Wakawa wanacheka pamoja, wanagombania runinga, wanasengenya majirani. Habari ya seremala haikutajwa hata mara moja. Kila mtu akamwona Mama Geti kuwa mtu wa ajabu, na yeye akajiona anapunguza deni lisilopungua.

Reli ikafa polepole kama mgonjwa wa siku nyingi. Treni zikapungua, zikaisha, vyuma vikang'olewa, magugu yakaota mpaka kiunoni. Baadaye yakaja makatapila, na pale pale treni ilipopita ikamwagwa lami ya mabasi, ikajengwa stesheni mpya yenye paa la bati jeupe, mageti ya vioo na sauti ya mwanamke inayotangaza basi lijalo. Walitafuta wahudumu. Alikuwa amepita miaka hamsini.

"Una uzoefu gani?" akaulizwa na kijana mwenye tai.

"Wa geti."

"Geti la wapi?"

"La hapa hapa."

Kijana akadhani ni utani, akacheka, akamwandika. Kibanda chake cha zamani kilikuwa hatua mia moja tu kutoka hapo. Sasa kuna nguzo ya taa. Alipita mbele yake kila asubuhi, na kila asubuhi alisema moyoni, "Nisamehe, seremala." Ndivyo alivyoishi mpaka Jumanne moja, saa nne asubuhi.

Msongamano wa asubuhi ulikuwa umekwisha. Mzee mmoja mwenye fimbo, bahasha kubwa ya hospitali kwapani, alikuwa akigongesha kadi na mashine inamkatalia kwa taa nyekundu. Mhudumu wa dirisha la tiketi akapaza sauti, "Mama Geti! Msaidie mzee hapo!"

Akaenda. "Shikamoo mzee. Lete niione." Akaifuta, akaigonga, vioo vikafunguka.

Mzee hakupita. Alikuwa amemkazia macho, mdomo wazi kidogo.

"Mama Geti," akasema taratibu. "Wa kumi na nne?"

Uso ule hakuujua, lakini sauti ile, ule mkwaruzo, ule mchanga! Ni miaka ishirini na sita. Kabla akili haijaamua lolote, mdomo ukajibu wenyewe:

"Kumi na nne, nakusikia."

Vioo vikajifunga, vikafunguka, vikajifunga tena. Alimshika mzee mkono akampeleka kwenye benchi chini ya ramani ya njia. Moyo ulikuwa umemjaa furaha ya ajabu, kama ya mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. "Kumbe uko hai! Karani wangu! Unajua sikuwahi kukuona sura? Nilidhani wewe ni mrefu." Akacheka, machozi yanamlenga.

Mzee akautoa mkono wake taratibu. "Usinishike. Nisikilize kwanza, halafu kama utataka kunishika, sawa. Mwaka mzima napita hapa kwenda kusafishwa figo, sikujua ni wewe. Nimekutafuta sana. Na nimekukimbia sana. Siku ile, mama, sikukupigia."

"Siku ipi?" akauliza, kana kwamba siku zilikuwa mbili.

"Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa anaumwa. Nilikaa kitini tangu jana yake. Nikalala mezani, kichwa juu ya daftari. Treni ya mizigo ikapita sina habari. Nimeamka, nimeangalia nje, behewa la mwisho linaishia kwenye kona ya geti lako. Nikashika simu. Nikajua nimechelewa. Nikairudisha. Nikaandika kwenye daftari nilichopaswa kuandika."

"Lakini niliisikia."

"Uliisikia?"

"Naisikia mpaka leo. Ililia, nikajibu, nikasema nafunga."

Mzee akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanafuata mikunjo ya uso wake bila haraka. "Mama yangu. Haikulia."

Mama Geti hakupiga kelele. Hakumpiga, ingawa baadaye alijishangaa kwa nini. Masikio yalimziba, akawa anaona tu midomo ya watu ikichezacheza. Aliona kitu kimoja kwa uwazi mkubwa: kamba ya kiatu cha mzee imefunguka. Akainama. Akaifunga, fundo moja, fundo la pili, akalivuta likaze vizuri. Halafu akasimama na kuondoka.

"Kuna jambo lingine, mama, ngoja," mzee akaita. Lakini yeye alikuwa ameshapita kwenye mlango wa basi lililokuwa limesimama, na koti lake la kazi mwilini, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akiacha zamu bila kuaga.

Mpaka kwa mshonaji ni vituo vinne. Zamani ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa mguu. Sasa ni dakika kumi na mbili. Alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Alikuwa anapanga maneno. Aliogopa, maana lingekuwa donda jipya kwa dada yake, kuambiwa baada ya miaka yote hii kwamba mumewe aliuawa na usingizi wa mtu mwingine. Nimwambie polepole, aliwaza. Nimkalishe kwanza.

Mshonaji alikuwa ameshakaa, mbele ya cherehani yake ya miguu, akipindisha pindo la sare ya shule. Alitazama juu ya miwani. "Leo Jumanne. Umefukuzwa kazi?"

Mama Geti akajibwaga kwenye stuli, na maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. "Dada, haikulia. Simu haikulia. Karani mwenyewe ameniambia, leo, sasa hivi, amesema alilala. Haikulia, dada!"

Mguu wa mshonaji haukusimama. Sindano iliendelea kugonga mpaka pindo likafika mwisho. Akainua nguo, akakata uzi kwa meno.

"Najua," akasema.

Mama Geti alidhani hakusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Kwamba haikulia. Mwaka wa pili baada ya msiba alikuja hapa yule karani. Alikaa hapohapo ulipokaa, akalia kama mtoto. Alitaka kuja kwako. Nikamwambia niachie, nitamwambia mwenyewe."

Mama Geti akaruka kutoka kwenye stuli kana kwamba ilikuwa na moto. Akaitazama ile stuli. Alikuwa ameikalia kila Alhamisi kwa miaka ishirini na nne, akichambua mchele, akivunja mbavu kwa vichekesho, na mwenye nyumba anajua.

"Mbona hukuniambia?"

"Unataka ukweli?"

"Nimechoka na vitu vingine."

Mshonaji akavua miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo. "Mwanzo nilikuwa na chuki. Sikuijali simu wala daftari. Nilitaka awepo mtu wa kuumia kama mimi, na wewe ulikuwa unakuja mwenyewe. Halafu chuki ikaisha, sijui ilikwenda lini. Ikabaki hofu. Ndugu zangu walikuwa wameshanikimbia. Wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa anabisha mlango huu. Nikasema, akijua hana kosa, atakuja kufanya nini tena hapa? Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Na wiki ijayo ina wiki ijayo yake, mdogo wangu."

"Usiniite hivyo."

"Najua."

"Na usiseme tena unajua!" Sauti ilimtoka mpaka jirani akachungulia dirishani. Mkononi alijikuta ameshika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, na hakukumbuka kuuokota. Akautazama, akaufungia kwenye droo ya cherehani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Mume wangu aliondoka kwa sababu ya simu hiyo. Ningekuwa nimelala usingizi, dada. Miaka ishirini na nne ya kulala ulikuwa nayo wewe, mfukoni."

Akatoka. Mshonaji hakumfuata, magoti hayakumruhusu, na pengine si magoti tu.

Jioni ile binti yake, ambaye huuza kwenye duka la dawa, alipitia nyumbani kumletea vidonge vya presha kama kawaida. Alimkuta mama ameketi jikoni, koti la kazi bado mwilini, sufuria tupu juu ya jiko na moto unawaka. Binti akazima moto. Mama akamweleza yote, tangu kamba ya kiatu mpaka mkasi. Alitegemea binti ang'ake, atukane, aseme twende tukamshtaki. Binti akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe nini?"

"Si kilio changu."

"Nani alikwambia habari za kilio?"

"Shuleni, mama. Nilikuwa na miaka tisa. Wakaimba: mtoto aliyelia, seremala akafa. Nikamuuliza bibi, akaniambia ni kweli nilikuwa nalia, lakini nilikuwa mdogo, sina kosa."

Wapo wazazi wanaojivunia mtoto hodari. Yeye alijivunia binti asiyelia. Alivunjika mkono akiwa na miaka kumi na moja, daktari akaunyoosha, binti akauma shuka kimya. Mama akawahadithia mtaa mzima. Alizikwa bibi, binti akasimama macho makavu. Watu wakasema mtoto huyu ni mwamba. Kumbe mwamba huo ulikuwa mtoto wa miaka tisa aliyeapa kutotoa sauti tena duniani.

"Mbona hukuniambia?" mama akauliza, na papo hapo akasikia kwamba ni swali lilelile aliloliuliza mchana.

"Ulikuwa na yako, mama."

Wakakaa sakafuni wote wawili. Kati ya mambo yote ya siku ile, hili ndilo lililomvunja. Ule uongo wa daftari aliubeba yeye, akadhani anaubeba peke yake, na chini ya pua yake mtoto alikuwa amejitwika upande wa pili.

Wiki iliyofuata alimsubiri mzee kwenye mageti. "Shikamoo," akamwambia. "Hatutazungumza mengi. Utaniandikia yale uliyoniambia." Siku mbili baadaye walikwenda pamoja kwenye ofisi inayotunza mali za shirika la reli lililokufa, chumba kimoja ghorofa ya tatu, makabati mpaka darini. Ngazi zilimshinda mzee mara mbili, na mara zote mbili Mama Geti alisimama ngazi moja juu yake, hakumsaidia, wala hakumwacha. Ofisa aliyekuwepo alisoma karatasi ya mzee, yenye mwandiko wa kutetemeka, akaisoma tena.

"Mama, shauri hili lilifungwa. Shirika halipo. Geti lenyewe halipo."

"Mimi nipo," akasema Mama Geti.

Ofisa akamtazama mzee, akamtazama yeye. Akafungua droo, akatafuta mhuri, akaupulizia wino uliokauka, akagonga. Kisha akapanda kiti, akashusha jalada lenye vumbi la miaka, akaiweka karatasi ile juu ya sahihi ya zamani ya Mama Geti. Nakala akampa yeye. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, mzee alisema, "Sasa?" Akamjibu, "Sasa nenda hospitali, umechelewa."

Kwa mshonaji hakwenda. Alhamisi zilimjia kama jino lililong'oka, ulimi hauachi kwenda kwenye pengo. Alisafisha madirisha yake, akapanga vyombo, akavipangua. Watoto wa mshonaji, sasa watu wazima, walimpigia simu mmoja mmoja: mama mdogo, kuna nini? Akawaambia muulizeni mama yenu. Huenda walimuuliza, maana baadaye hawakupiga tena kwa muda, kwa aibu.

Wiki ya tisa, asubuhi, alimwona mwanamke amesimama nje ya mageti, anasukumwasukumwa na watu, kadi mpya bado ndani ya kiplastiki chake. Ni mshonaji, magoti yamefungwa bandeji. Mama Geti alibaki ameganda mahali pake. Watu watatu walipita kati yao. Wa nne alikuwa na mzigo mkubwa, akamgonga mshonaji, mshonaji akayumba. Hapo Mama Geti alijikuta ameshamfikia na kumshika kiwiko. Akamkalisha benchini, akabaki amesimama.

"Nimeanzia kwa binti yako," mshonaji akasema, bila salamu. "Dukani kwake, mbele ya wateja. Nimemwambia si yeye, maana ule wimbo wa watoto wa shule nami niliusikia. Amelia, mpaka mwenye duka amefunga mlango nusu saa."

"Binti yangu? Amelia?"

"Kwa sauti."

Mama Geti akatafuta nguzo kwa mkono, akaishika.

"Sikuja kuomba msamaha," mshonaji akaendelea. "Huo ni wako, kaa nao. Nimekuja kusema neno ambalo lilikuwa kinywani mwangu tangu mwaka ule, maana mwenye marehemu ni mimi, na hakuna mwingine wa kulisema. Mume wangu hukumuua wewe."

Mama Geti alikuwa na karatasi yenye mhuri nyumbani. Alidhani maneno hayo sasa ni mepesi, yameshaandikwa. Lakini kifua kilimpanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia.

"Sema tena."

"Hukumuua wewe."

"Tena."

Akasema tena. Sauti ya mwanamke wa matangazo ikataja basi lijalo, basi likaja, likajaza, likaondoka, na mshonaji alikuwa bado anasema. Alipochoka, wakabaki hivyo, mmoja amesimama, mmoja ameketi. Kwa upande wa mageti kadi ya mtu ilikuwa inakataa, pii, pii, pii.

"Utakuja Alhamisi?" mshonaji akauliza mwisho.

"Sijui. Nina hasira na wewe, dada. Nikiamka nayo naiona, imekaa pembeni ya kitanda."

"Nayo uje nayo. Nyumba ina viti."

Mama Geti alitaka kukasirika kwa jibu lile, kicheko kikamponyoka puani, akakikata katikati. "Inuka. Basi lako ni la upande ule. Ukipanda hapa utaishia mwisho wa mji, halafu nitaambiwa nimekupoteza makusudi."

Akamvusha taratibu, akiyapima magoti yake, akampandisha. Milango ikajifunga. Aliporudi kwenye mageti alikuta foleni ya watu kama kumi wamekwama wananung'unika, na msimamizi wa zamu ameshika kiuno.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namsindikiza dada yangu," akasema, akaichukua kadi ya mtu wa kwanza.

Alhamisi ile hakwenda. Ya pili yake pia hakwenda. Ya tatu alikwenda saa tisa mchana, akakaa kitini kama mgeni yeyote, hakushika mchele wala nguo za kufua, akanywa chai, akaongezwa, wakazungumza habari za bei ya vitambaa na mvua zilizochelewa. Alipoaga, mshonaji, na magoti yake yale, alimsindikiza mpaka barabarani.